Kuunda Kompyuta Wakati wa Matanga

Kompyuta ya dada yangu iligawiwa pamoja na kitanda chake na sufuria kubwa. Ilikuwa siku ya kunyolewa, siku ambayo kwetu Malinya wafiwa huketi chini uwanjani, wakanyolewa nywele, kisha mali ya marehemu ikatajwa mbele ya watu na kupewa wenyewe. Dada alikuwa hajaolewa na hakuwa na mtoto. Wazee wakasema hana mrithi, vitu vyake virudi kwa ukoo. Kwa sababu hiyo hiyo walikuwa wamemzika pembeni, nyuma ya migomba, karibu kabisa na ua. Mimi nilikuwa nimeomba azikwe kando ya mama. Baba mkubwa aliniambia kwamba mwanamke asiye na boma lake halali katikati ya boma la wengine, na kwamba nisianze mambo.

Kitanda alipewa senje, dada ya baba yetu. Kompyuta alipewa mwana wa baba mkubwa.

"Wewe ungeifanyia nini?" baba mkubwa aliniuliza, wembe ukiwa bado kichwani mwangu. "Dada yako ndiye alikuwa anapiganga hiyo mashine. Wewe ulikuwa unafagianga tu na kupokea watu."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha matangani kinachofunikwa kwa kiganja.

Alichosema kilikuwa karibu na ukweli, na mimi sipendi kubishana na ukweli. Niliishia darasa la nane. Katika chumba chetu mjini Kakamega, dada ndiye aliyepiga chapa barua, mitihani ya shule za chekechea na programu za mazishi. Mimi nilitoa fotokopi, nikabana vitabu kwa pini, nikafunika vitambulisho kwa plastiki, na ndiyo, nikafagia. Dada alipolazwa hospitali ya Mukumu, na baadaye alipofariki huko huko, programu ya mazishi yake ilibidi ipigwe chapa kwa watu wengine. Waliivuta picha yake ili ijaze ukurasa, uso ukawa mpana kama wa mtu nisiyemjua. Nilisimama kaburini nikiwa na karatasi ile mkononi, na badala ya kulia nilikuwa na hasira. Dada angeirudisha. Angesimama mlangoni mwao mpaka waipige upya.

Niliporudi mjini nikiwa nimejifunga kitambaa kichwani, mwenye nyumba alikuja siku hiyo hiyo. Ni mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Mumias, mnene, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amekuja mpaka Malinya kutuzikia, akasimama na akina mama wengine juani.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Pole tena. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Asante, mama."

Aliketi kwenye benchi la wateja, akatazama meza ambapo kompyuta ilikuwa. Ilikuwa imebaki alama ya mraba isiyo na vumbi, kando ya printa.

"Nakupenda, na dada yako nilimpenda," alisema. "Lakini chumba hakikai matanga. Kuna kijana wa kutuma pesa kwa simu anakitaka. Jumatatu asubuhi nakuja naye akitazame. Nikikuta kazi inaendelea, mimi nani nikutoe? Nikikuta meza iko hivi, usininunie."

Nilimwambia sitanuna. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Kodi ya chumba ndicho chakula chake.

Jioni baba mkubwa alipiga simu. Habari za mwenye nyumba alikuwa nazo tayari, sijui kutoka wapi. Alisema jambo limejipanga lenyewe: mwanawe atakuja na ile kompyuta, atakaa pale kwenye kiti cha dada, na mimi nitaendelea kumsaidia kama nilivyokuwa nikimsaidia marehemu.

"Hapana," nilisema.

"Unasema?"

"Nasema hapana, baba."

Sikuwahi kumwambia neno hilo. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Alikata simu, nami nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Tangu mazishi nilikuwa nimegawiwa kila kitu na watu wengine: mahali pa kuketi, wakati wa kulia, wakati wa kunyamaza. Chumba kile nilikuwa nimekifagia mwenyewe miaka yote. Kama kufagia ndiyo kazi yangu, basi nilijua kila pembe yake kuliko yeyote, na sikuwa na nia ya kukipisha.

Nilikuwa na mtamba mmoja kwa senje, wangu mwenyewe, ambaye sikugawiwa na mtu. Nilimuuza. Kisha nikaenda kwa mwanamke mmoja fundi, mwenye banda la kompyuta kuukuu ghorofani, nyuma ya soko. Alisomea chuo cha ufundi cha Sigalagala. Banda lake ni dogo hivi kwamba mteja akiingia, mtoto wake lazima apakatwe.

Nilimweleza kazi yangu na uwezo wangu. Akanionyesha kompyuta zilizokuwa tayari. Ya bei ya chini kabisa ilizidi thamani ya mtamba.

"Basi kama nguo iliyoshonwa tayari imekushinda, shona yako," alisema. "Nitakuchagulia vitambaa."

Akaanza kuchagua. Kasha la mashine ya ofisi fulani ya ng'ambo, limekwaruzwa lakini halijapinda. Ubao mkubwa wa ndani, ambao mafundi huita mazabodi. Prosesa, ile akili yenyewe, si ya juzi wala ya jana. Vijiti viwili vya ramu, kumbukumbu ya muda. Kisanduku cha kuleta umeme, wao hukiita pawa. Skrini pana, nzuri, ambayo niliipenda nikaishika muda mrefu. Ilipofika diski ya kuhifadhia kazi, niliuliza kama kuna ya bei ya chini.

"Hapo usibanie, dadangu. Bania kasha, bania kibodi, hata mausi chukua hii iliyofutika. Diski ya zamani inayozunguka itakulaza kila asubuhi ukiingoja. Hii ndogo haizunguki. Ukibonyeza, imeamka."

"Na programu za kuandikia?"

"Nitakuwekea za bure kwenye diski kabisa. Utaandika, utachapisha, picha utaweka. Huna haja ya kuiba programu ya mtu."

Hilo nililipenda. Akanionyesha kila kipande kinaingia wapi, akanifanya nirudie kwa maneno yangu, mtoto akivuta ncha ya kitambaa changu. Nilimuuliza kwa nini asinifungie yeye.

"Nikikufungia mimi, kila ikikohoa utanipandia hizi ngazi. Nenda ukaifunge mwenyewe, uijue."

Jumamosi nikatandaza gazeti mezani. Lakini mfiwa kwetu haachwi peke yake, na jirani yangu, mama muuza viatu vya mtumba, alikuja na chupa ya chai akaketi kunitunza. Ni mtu mwema mwenye mdomo mrefu.

"Sasa hizi vyuma ni za nini?"

"Kompyuta."

"Hii? Hii ni redio ya marehemu babangu imefunguliwa!"

"Ngoja uone."

"Nangoja. Lakini mfiwa hashikangi vyuma kabla nywele haijaota. Kwani kwenu hamna mwanamume?"

Nilishika kasha la chuma kwanza kama fundi alivyonifunza, umeme wa mwilini utoke. Prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona moja, na mahali pake pana pembetatu kama hiyo. Unazikutanisha, unaiweka, huibonyezi. Nikatia dawa ya kijivu ya kupitisha joto juu yake, tone la punje ya mchele, nikafunga feni. Ramu ndizo zilizonitisha, kwa sababu zenyewe hutaka nguvu. Nilisukuma mpaka zikalia ta! pande zote mbili, na jirani akasema, "Umevunja." Sikuwa nimevunja. Nilifunga skrubu moja baada ya nyingine, na kwa muda huo, nakiri, sikuwa nimefiwa. Nilikuwa tu mtu mwenye kazi mkononi.

Nyuma ya pawa kulikuwa na swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 230 na 115. Fundi alikuwa hajaitaja, au aliitaja wakati mtoto akilia. Ilikuwa kwenye 230. Chumba chetu kinatumia stima ya tokeni, umeme unaolipiwa kabla, na mtu wa tokeni hufikiri kwa namna moja tu: hiki kinakula kiasi gani? Nikaona namba ndogo itakula kidogo. Nikachukua ncha ya kisu, nikaisukuma kwenye 115. Nilijiona mwerevu kabisa.

Kisha nikachomeka, nikawasha.

Ulikuwa mlio kama wa bunduki. Cheche ilitoka nyuma, moshi ukafuata, na stima ikazimika safu yote ya maduka mpaka kwa kinyozi wa mwisho. Jirani yangu alipiga kelele, "Woooi, mayi!" na chai yote ikamwagika mapajani mwake.

Watu wakajaa mlangoni. Kinyozi alikuja na mteja wake mwenye kichwa kilichonyolewa nusu. Jirani alikuwa akijipangusa chai, na alisema lile ambalo nadhani kila mtu pale alikuwa akiliwaza.

"Dada yako amekataa."

Hakuna aliyecheka.

"Amekataa," alirudia. "Kaburi bado bichi, nywele yako haijaota, na umeshafungua kazi yake. Mwite huyo mtoto wa baba mkubwa wako aanze yeye, halafu wewe ufuate."

Waliondoka mmoja mmoja wakiniambia pole, pole ya pili. Nilifunga mlango, nikaketi sakafuni. Nataka kusema ukweli: nilimwamini jirani. Alasiri ile niliamini kwamba dada yangu, aliyenishika mkono siku zote, amenigeuka kwa sababu nimekalia kiti chake kabla hakijapoa. Nilimsemesha kwa sauti. Nikamwambia, "Kama hutaki, niambie."

Nikasubiri. Na katika kusubiri nikakumbuka jinsi dada alivyokuwa akikataa. Alikataa kwa mdomo. Mteja akileta karatasi iliyokunjamana, alimwambia usoni. Mchumba aliyekuja na ng'ombe wachache na maneno mengi, alimwambia usoni. Mimi mwenyewe aliniambia usoni nikipunguza wino wa fotokopi: usinifanyie hivyo tena. Mtu kama huyo afe, halafu aanze kukataa kwa mlipuko, kwa kujificha nyuma ya kasha? Walikuwa wamempa uso usio wake kwenye programu, na sasa walitaka kumpa tabia isiyo yake. Na mimi nilikuwa nimeketi sakafuni nikiwakubalia.

Niliinuka. Nikasoma tena zile namba kwenye swichi. Kisha nikageuza mashine ya fotokopi, nikapangusa vumbi nyuma. Kulikuwa na kibandiko: 220 mpaka 240. Nikageuza mashine ya kufunikia vitambulisho: 230. Hata birika: 230. Hakuna kitu chumbani humo kilichosema 115, isipokuwa mahali nilipoiweka swichi mimi kwa kisu.

Nikafungua mlango, nikasimama nje mahali wote wanaponiona. Mimi si mtu wa kupaza sauti, lakini siku ile niliipaza.

"Dada yangu hajakataa! Mimi ndiye nimekosea swichi!"

Muuza viatu alitoa kichwa kati ya viatu vilivyoning'inia. "Wewe unajuaje?"

"Nimesoma."

"Umesomea wapi, mtu wa darasa la nane?"

"Nyuma ya fotokopi."

Kinyozi aliangua kicheko, na safu nzima ikamfuata, na hata jirani mwenyewe, sketi yake ikiwa bado na chai.

Nilibeba kasha lote kichwani mpaka kwa fundi. Kitambaa kiliteleza njiani kikaanguka mabegani, nami sikuwa na mkono wa tatu wa kukirudisha. Basi nilipita katikati ya mji hivyo, kichwa kimenyolewa, kompyuta juu. Watu walitazama. Wanawake wawili waliacha kuzungumza mpaka nikapita. Niliwaacha watazame. Nilikuwa nimefiwa na sikuona kwa nini nifiche, na nilikuwa na kazi na hilo pia sikuona kwa nini nilifiche.

Fundi alinusa kabla hajafungua. "Pawa imeungua. Ilikuja hivi? Kama nilikupa mbovu, nakupa nyingine bure, halafu mimi nitamrudishia aliyeniletea."

"Haikuja mbovu. Nilisukuma swichi kwenye namba ndogo, nikidhani itakula stima kidogo."

Alinitazama, akamhamisha mtoto kwenye goti la pili.

"Ungesema tu ilikuja hivi, mami. Hakuna mtu angejua."

"Haikuja hivi."

Akatikisa kichwa, sijui kwa kunihurumia au kwa kunicheka. Akaunganisha pawa nyingine mazabodi, akabonyeza, feni ikaanza kuzunguka. Ubao ulikuwa mzima, diski nzima, kila kitu kizima. Lakini hiyo pawa ilikuwa ya kununuliwa, na mtamba alikuwa ameisha. Tukabadilishana: nikamrudishia ile skrini pana niliyoipenda, akanipa ya zamani ya mraba, yenye doa la manjano kwenye kona, na pawa juu yake. Alitaka kuiziba swichi kwa gundi nisiiguse tena. Nilimwambia aiache. Nitakuwa naiona kila siku na sitaigusa.

Jumapili, baada ya kanisa, stima ikiwa imerudi, ilikuwa inafanya kazi mezani mwangu, juu ya ile alama ya mraba. Nilikaa nikijifunza kuandika. Vidole viwili. Herufi nazijua zilipo kwa sababu nilimtazama dada miaka mingi, lakini kujua zilipo na kufika huko ni safari mbili. Nilikuwa katikati ya mstari baba mkubwa alipopiga.

"Nasikia imelipuka."

Habari ilikuwa imefika Malinya kabla sijafua nguo za moshi.

"Ndiyo, ililipuka."

"Si nilikwambia? Basi mtoto anakuja kesho na mashine."

"Asije, baba. Imewaka."

"Nani ameiwasha?"

"Mimi."

Akasema, "Utatuaibisha," na mimi nikamwuliza, kwa heshima yote, ni aibu gani hiyo iliyo kubwa kuliko kumzika mtu nyuma ya migomba. Alikata. Sikuweza kumaliza mstari ule siku ile. Lakini nililala.

Jumatatu mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja kutoka upande wa kwetu, anayefuga fahali wa kupigana. Alitaka tangazo la pigano la kubandika kwenye milingoti.

"Andika jina lake kubwa. Hapana, kubwa zaidi. Ng'ombe wangu si mbuzi."

"Hivi?"

"Ongeza. Mpinzani akiisoma asitamani kuja." Aliangalia vidole vyangu vikitafuta herufi. "Msichana, fahali wangu ana mbio kukushinda."

"Fahali wako hajui kuandika."

"Hilo kweli," alisema, akatulia.

Hapo ndipo mwenye nyumba aliingia, na nyuma yake kijana mwenye viatu vilivyochongoka, ambaye hakunisalimu. Kijana alianza kupima ukuta kwa macho, pa kuweka kaunta yake. Mwenye nyumba alimtazama mzee, akatazama skrini yenye doa, akatazama kichwa changu. Siku hiyo sikuwa nimekifunga.

"Kazi inaendelea," alisema polepole.

"Inaendelea, mama."

"Ni yako hiyo, au wamekuazima?"

"Ni yangu. Nimeifunga mwenyewe."

"Mimi niliambiwa chumba kiko wazi," yule kijana alisema.

"Uliambiwa tukitazame," mwenye nyumba alimjibu bila kugeuka. Kisha akaniambia mimi, "Mkataba ulikuwa wa dada yako. Wewe sina karatasi yako. Niandikie mwingine hapa hapa, nione kama hicho kidude kinaandika. Weka jina lako, na chini weka mstari wa mdhamini. Baba yako mkubwa atakuja kutia sahihi, mwanamume awepo. Ukishindwa kulipa nimshike nani?"

"Na mimi?" mzee aliuliza. "Fahali wangu yuko nusu."

"Fahali atasubiri," mwenye nyumba alisema.

Nikaandika. Nilichukua muda. Mzee alisimama nyuma yangu akinitajia herufi nilizochelewa kuzipata, na kijana alitoa simu yake akawa anatazama huko. Niliandika kwamba chumba ni cha mama huyu na mpangaji ni mimi, nikaweka jina langu, namba ya kitambulisho changu, siku ya kulipa kodi, na kwamba nisipolipa atanishika mimi. Nikachapisha. Printa ililia, ikameza karatasi, ikaitoa ikiwa na joto.

Mwenye nyumba alivaa miwani akasoma mpaka chini, kisha akaigeuza karatasi kana kwamba kuna kitu nyuma.

"Umesahau mstari wa mdhamini."

"Sijasahau, mama."

Alinitazama juu ya miwani. Sikuangalia chini. Kama angesema niondoke ningeondoka na kompyuta yangu kichwani, lakini mstari ule singeuandika.

Alisoma tena kutoka juu, taratibu, midomo ikicheza. Yule kijana akauliza kama aende au asubiri. Mzee alikohoa.

"Nipe kalamu, nitie sahihi," mwenye nyumba alisema.